Jinsi ya kujiandikisha kupiga kura ya serikali ya mtaa Dar es Salaam

Kadi ya mpiga kura haikuingizi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Hilo peke yake limewanyima kura watu wengi. Kadi ile inatokana na Daftari la Kudumu la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa ajili ya Rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake huchaguliwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa orodha nyingine kabisa inayoandikwa upya kila uchaguzi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura ikapigwa 27 Novemba. Kwa mzunguko wa miaka 5, zamu ijayo ni 2029.

Ujue mtaa wako mapema. Ukisema unakaa Tabata, humo mna mitaa kadhaa, na kinjia cha vumbi kinaweza kuwa mpaka: nyumba za mkono huu mtaa mmoja, za ng'ambo mtaa mwingine. Mpangaji amuulize mwenye nyumba, au aende ofisi ya serikali ya mtaa anakochukulia barua ya utambulisho, aulize na kituo cha kujiandikisha. Unaandikishwa unakolala, siyo kwenye fremu yako ya biashara Kariakoo.

Kituoni ni dakika chache kwa Mtanzania mwenye miaka 18: jina, umri, jinsia, saini. Hupigwi picha wala hupewi kadi, kwa hiyo unaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana usitoke kabla ya kusoma mstari wako. Mwanaidi huandikwa Mwanahidi, jina la baba hurukwa, na foleni ikiwa ndefu mwandikishaji harudii kusoma. Mwombe arekebishe hapohapo.

Kisha rudi orodha ikibandikwa. Hatua hii watu wanaiacha, na ni muhimu kuliko zote, kwa kuwa jina lililokosekana hurekebishika wakati huo tu. Asubuhi ya kura hakuna wa kukuongeza, hata kama mtaa mzima unakufahamu. Nenda na kitambulisho: cha NIDA, leseni ya udereva, pasipoti au kadi hiyohiyo ya mpiga kura.

Anayetaka kugombea awe na miaka 21, mkazi wa mtaa, na adhaminiwe na chama. Fomu ndiyo mtihani. Mwaka 2019 na 2024 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwa kilichoitwa makosa ya ujazaji. Andika majina yako yote bila kufupisha, jina la chama lilivyosajiliwa, usiache nafasi wazi. Toa nakala kabla ya kurudisha, na aliyeipokea asaini nakala yako kwa tarehe na saa, kwani siku za kukata rufaa ni chache na bila karatasi hiyo huna cha kuonyesha.