Unangoja kumuona mkongwe wa jazi huru laivu? Jiandae hivi

Wiki hii nimepigiwa simu na washkaji wawili, mmoja yuko Tabata mwingine Kigamboni, swali lao moja, wamepata safari na huko wanakokwenda kuna wazee wa jazi huru, yani ile jazi ya kubuni papo hapo, wanapiga laivu, sasa wanauliza wajiandaeje maana wakiwasikiliza kwenye simu wanaona kama watu wanagombana. Nikaona bora niandike yote sehemu moja, na wewe unayengoja shoo ya aina hiyo usome.

Kabla ya yote kata tiketi. Leo, sio mwezi ujao. Hawa ni wazee kweli kweli, Evan Parker mpiga saksafoni kazaliwa 1944, Roscoe Mitchell, naye wa saksafoni, wa bendi ya Art Ensemble of Chicago 1940, Andrew Cyrille mpiga drams 1939, na Marshall Allen anayeongoza bendi ya Sun Ra Arkestra alizaliwa Mei 25, 1924, hesabu mwenyewe. Mi nina donda moja haliponi. Louis Moholo-Moholo, mpiga drams wa bendi ya Blue Notes, wale vijana walioondoka Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1964, alirudi nyumbani Cape Town 2005, yani hapa hapa barani kwetu, na kila mwaka nilikuwa nasema nikipata likizo naenda kumuona. Juni 2025 akafariki. Miaka miwili kabla yake, Juni 2023, Peter Brötzmann, mpiga saksafoni Mjerumani, naye alitutoka na sikuwahi kumuona hata mara moja. Kwahiyo ukiona jina la mzee kwenye tangazo kopa hela, omba ruhusa kazini, na kama ni Ulaya anza na viza hata kabla hujajua utalala kwa nani.

Sasa masikio. Sisi Dar neno jazz tunalo tangu enzi za wazee wetu, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz ambayo leo ndo Msondo Ngoma, ila kwetu jazz ni bendi ya dansi, unavaa unakwenda kucheza. Ukiingia na matarajio hayo dakika ya tano tu umeshachoka. Lakini usidhani huna pa kuanzia. Unawakumbuka Sikinde wakifika kwenye chemko, waimbaji wamenyamaza, magitaa kila moja linaongea lake, mdomo wa bata unaingia kwa juu, afu drams zinawafukuza wote? Pale hukuwa unangoja maneno, ulikuwa unasikiliza watu wanavyojibizana. Basi jazi huru wanaanzia hapo hapo kwenye kujibizana, halafu wanaondoa na ile ahadi kwamba kuna gitaa moja litabaki linashikilia mwendo mpaka mwisho.

Zoezi la nyumbani ni hili. Tafuta albamu ya Free Jazz ya mpiga saksafoni Ornette Coleman, iliyorekodiwa Desemba 1960, ni kama dakika 37, bendi mbili za watu wanne wanne zinapiga kwa pamoja, moja inasikika upande wa kushoto nyingine kulia. Vaa hedifoni, kaa chini, sio ndani ya daladala la Mbagala utaishia kusikia konda. Mara ya kwanza mfuate mtu mmoja tu, mi nashauri Charlie Haden, besi ya upande wa kulia, wengine waache wapite. Kesho yake mfuate Ornette mwenyewe kushoto. Siku ya tatu fuata drams. Usijaribu kuwasikia wote wanane siku moja, hapo ndo watu wengi wanakatia tamaa wanasema muziki gani huu. Ukimaliza hiyo tafuta rekodi za huyo mzee unayekwenda kumuona, moja ya ujanani na moja ya miaka ya karibuni, uone alikotoka na alikofika.

Ila usizikariri, tafadhali. Hili ndo nalisisitiza kuliko yote. Mzee hatapiga ile ya kwenye rekodi yako na ukikaa unaingojea utaukosa usiku mzima. Mwaka 1976 kwenye tamasha la Willisau kule Uswisi watu walikuja kumuona Anthony Braxton, mpiga saksafoni mwingine, akapandishwa Roscoe Mitchell badala yake, peke yake na saksafoni ya alto. Ukumbi ukaanza kelele. Yeye akashika kile kipande cha mwanzo cha utunzi wake Nonaah akakirudia, akakirudia tena, akakirudia mpaka wale wale waliokuwa wanapiga kelele wakatulia, na ukisikiliza rekodi unasikia kabisa ukumbi unavyogeuka. Mi nikiisikia pale wanapotulia nywele zinanisimama mpaka leo.

Ukifika ukumbini wahi, kaa mbele, mbali na kaunta ya vinywaji. Nilibahatika kumuona Evan Parker Cafe Oto, London, kaukumbi kadogo pale Dalston, nikakaa kama hatua tatu toka alipo. Alilowesha kwa ulimi kile kipande cha mwanzi cha kwenye mdomo wa saksafoni ya soprano, akainamisha macho, akaanza, na sauti haikukatika tena, maana anavuta hewa kwa pua wakati mashavu yanasukuma ile aliyoibakiza mdomoni. Kwenye rekodi siku zote nilidhani zimepandishwa saksafoni mbili tatu juu ya nyingine. Pale nikaviona vidole vyenyewe, nikasikia vifuniko vya chombo vinagonga tak tak tak chini ya muziki, na juu kabisa kuna sauti nyembamba kama ya filimbi inacheza yenyewe. Jasho linamtoka shingoni. Simu haiwezi kukupa hiyo, hata uwe na spika ya bei gani.

Dakika kumi za kwanza zikikusumbua usitoke, angalia mikono ya mtu mmoja na kifua chake anavyopumua, sikio litafuata jicho. Wakinyamaza ghafla usikimbilie kupiga makofi, mara nyingi hawajamaliza. Art Ensemble wao hata kabla ya kuanza walikuwa na desturi ya kuelekea mashariki na kukaa kimya kwanza, kwahiyo na wewe ukiona kimya heshimu. Simu mfukoni.

Shoo ikiisha usikimbie. Kwenye kumbi ndogo wazee wengi wanauza diski zao wenyewe mezani, kwahiyo beba hela taslimu, nenda umpe mkono, mwambie umetoka Dar es Salaam. Evan Parker nilimsalimia hivyo hivyo, mikono miwili kama ninavyomsalimia babu yangu.

Na wewe unayebaki huku Dar, kukiwa na matangazo ya laivu mtandaoni piga hesabu ya saa vizuri. Vision Festival, tamasha la jazi huru la New York, kawaida ni mwezi wa sita, na shoo ya saa mbili usiku kule kwetu ni saa tisa usiku. Nunua bando la kutosha mchana, chaji kila kitu maana umeme haukuagi, lala saa tatu, tega alamu saa nane na nusu. Chemsha kahawa. Halafu zima feni, mwezi wa sita joto sio kali, fungua dirisha inatosha, kwa sababu ule mvumo wa feni unameza besi yote na utadhani mpiga besi William Parker hapigi kitu.