Ukiandamwa mtandaoni: namna ya kuitumia sheria nchini Tanzania

Mtu anayetishwa au kudhalilishwa mtandaoni mara nyingi hufanya mambo mawili kwa pupa: hufuta ujumbe uliomuumiza, kisha humzuia aliyeutuma. Yote mawili yanaeleweka, lakini ni kuanzia mwisho, kwa sababu malalamiko ya aina hii husimama au huanguka kutokana na kile mlalamikaji alichokihifadhi kabla mtuhumiwa hajabadili jina, hajafunga akaunti na hajatupa laini.

Sheria ya msingi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23, kama sheria ilivyotungwa, kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Jambo gumu hapo ni kuthibitisha nia, ambayo ni nadra kuonekana katika ujumbe mmoja wa hasira. Huonekana vizuri zaidi pale mtu aliyekwishaambiwa aache anapoendelea. Kwa hiyo, ikiwa kumjibu hakukuweki hatarini, mwandikie mara moja tu, bila tusi wala maelezo marefu: «Sitaki uwasiliane nami tena, wala na ndugu zangu.» Baada ya hapo nyamaza. Ukimtukana, au ukiisambaza picha yake kwa maneno ya kumchafua, unaweza kugeuzwa mshtakiwa kwa sheria hiyohiyo.

Kumfuatilia mtu mtandaoni hakukupewa kifungu chake pekee katika sheria hiyo, hivyo kila tendo hutafutiwa mahali pake. Aliyeingia katika simu au akaunti yako bila ruhusa anaguswa na kifungu cha 4, na aliyefungua ukurasa akijifanya wewe anaguswa na kifungu cha 15.

Ushahidi ukusanywe siku ileile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini mahakama huupima kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji alivyotambuliwa. Picha ya skrini inayoonyesha jina ulilolihifadhi wewe mwenyewe, tuseme «Baba Asha», haisemi ujumbe umetoka namba gani. Fungua wasifu wa mtumaji ili namba ionekane, ipige picha, kisha rudi kwenye mazungumzo upige ujumbe pamoja na tarehe na saa, bila kukata kingo. Kwa Facebook, Instagram au TikTok, nakili pia kiungo cha akaunti na cha chapisho lenyewe, kwa kuwa jina linaloonekana hubadilishwa wakati wowote. Sauti na video zihifadhiwe zilivyo, na simu iliyopokea ujumbe usiiuze wala kuifuta kumbukumbu. Tuma nakala kwenye barua pepe ambayo mtu huyo haijui.

Nenda kituo cha polisi ukiwa na maelezo mafupi yaliyopangwa kwa tarehe, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Mkuu wa kituo ana mamlaka, chini ya kifungu cha 32, ya kuamuru mtu au kampuni yenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi izitoe, kwa hiyo kutomjua mwenye namba si sababu ya kukurudisha nyumbani. Unaweza kuomba kusikilizwa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwa mtoto ipo simu ya msaada 116. Namba 15040 ni ya kuripoti namba za matapeli. Haichukui nafasi ya RB.

Wapo pia wanaoandamwa na wakopeshaji wa mtandaoni, ambao huchukua majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia bosi wake, mashemeji na jumuiya ya kanisani ujumbe wa kumwaibisha. Deni halihalalishi jambo hilo. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa pa kulalamikia, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waombe waliotumiwa ujumbe wakuhifadhie nakala, maana wao ndio mashahidi wako.

Anayekutishia kusambaza picha zako za faragha usimlipe. Malipo ya kwanza humwonyesha kwamba unalipika. Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaweza kutumia tovuti ya StopNCII.org, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, ili mitandao inayoshirikiana nayo, ikiwemo Facebook na Instagram, iweze kuitambua na kuizuia. Kwa walio chini ya umri huo ipo huduma kama hiyo iitwayo Take It Down.

Ukishahifadhi ushahidi, sasa mzuie. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa ambacho hajawahi kukishika, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na katika WhatsApp kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu mtu aliyewahi kuishika simu yako kwa dakika chache anaweza kuwa anasoma mazungumzo yako kwenye kompyuta yake. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zima ushirikishaji wa mahali ulipo. Lakini ikiwa anayekufuatilia unaishi naye, au aliwahi kukupiga, usizime kila kitu kwa mkupuo, kwani ataelewa mara moja kwamba umegundua. Zungumza kwanza na polisi au ndugu unayemwamini, uwe na mahali pa kulala usiku huo, ndipo ubadilishe nywila.