Tumbo linalobadilika na tarehe: jinsi ya kwenda nalo

Mashosti, kama wiki moja kabla ya siku zako sketi inagoma kufunga na choo unakisikia kwa jirani tu, halafu damu ikianza unashinda chooni, usimsingizie muuza chips, ni homoni hizo.

Iko hivi, yai likishapevuka homoni ya kike iitwayo projesteroni inapanda na inalegeza misuli ya kizazi ili mimba ikiingia itulie, sasa misuli ya utumbo nayo ni jamii ileile, inalegea humohumo, chakula kinajikokota, maji yanafyonzwa mno, choo kinakuwa kigumu na gesi inajaa. Hedhi ikikaribia projesteroni inashuka, kizazi kinatoa prostaglandini, yaani kemikali za kukibana, na utumbo uko hapohapo jirani unabanwa nao, ndo unaharisha.

Kwa hiyo anza na simu yako. Miezi 2 au 3 andika tarehe ya hedhi, choo kilikuwaje, ulikula nini. Najua wengi mtaruka hapa, ila bila tarehe utakuwa unatibu choo kigumu siku ambayo kesho yake unaharisha.

Ukishazijua siku zako, kama siku 10 kabla hamia dona, papai, mchicha, maji ya kutosha na kutembea kidogo jioni. Maharage loweka usiku kucha na yale maji mwaga, gesi inapungua. Damu ikianza geuza kibao, punguza kahawa, pilipili na vya kukaanga. Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, inazuia hizo prostaglandini, ila usimeze na njaa, na mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au mimba asiiguse kabisa.

Wajawazito nyie projesteroni iko juu miezi yote, hata mlango wa juu wa tumbo unalegea ndo maana kiungulia hakiishi. Kula kidogo kidogo, usilale mpaka yapite masaa 2 au 3, mto uinuke. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinakaza choo, usiache kimyakimya, mwambie nesi. Na ule udongo wa pemba mnaotafuna kwa siri unazidisha, haya nimesema.

Ila choo chenye damu, kukonda bila sababu, au maumivu makali ukijisaidia kila ukiwa kwenye siku zako, hiyo sio ya papai, na hayo maumivu ya kwenye siku zako yanaweza kuwa endometriosisi, yaani nyama kama ya ndani ya kizazi inaota nje yake, nenda kwa daktari na hizo tarehe zako ulizoandika.