Kupima Presha kwa Usahihi Kabla ya Kuiamini Namba

Mimi ni muuguzi Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako dereva wa lori huteremka baada ya saa nyingi za foleni na kunyoosha mkono apimwe presha papo hapo, akiwa amesimama. Kipimo cha namna hiyo sikiandiki, kwa sababu uchovu na haraka vinaweza kumfanya mtu aanzishiwe dawa asizozihitaji. Utaratibu ufuatao ndio ninaowafundisha wanaopima nyumbani kwa mashine ya betri.

Anza nusu saa kabla: usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha keti kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni bila kupishanisha miguu, utulie dakika tano bila kuzungumza wala kushika simu.

Hatua ya pili ni mkono wenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mkanda wa mashine, ule unaojaa hewa, ufungwe juu ya ngozi tupu. Aliyevaa gomesi, vazi la kitamaduni la wanawake wa Uganda, asisukume mkono wa nguo juu hadi ukambana, bali autoe kabisa begani. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda, kwa maana mfuko wa hewa ulio ndani yake unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo mtu hana, na katika vituo vingi vidogo mkanda ni mmoja tu kwa watu wote. Usione haya kuuliza kama upo mkubwa zaidi.

Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Laza mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo, kwani kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo huongeza takriban milimita 7 au 8 za zebaki, yaani kipimo kinachotumika kusoma presha.

Bonyeza kitufe, unyamaze. Rudia baada ya dakika moja, uandike vipimo vyote viwili. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu uendelee na ule uliotoa namba kubwa zaidi.

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu inayobaki unapolegea. Kliniki huhesabu 140/90 kuwa mwanzo wa presha ya juu, lakini nyumbani, ambako mtu hana hofu ya koti jeupe, yaani ya kupimwa na mhudumu wa afya, kiwango ni 135/85. Pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku 7. Acha namba za siku ya kwanza, utafute wastani wa zilizobaki, umpelekee tabibu daftari lote.

Mjamzito akifika 140/90 aende kituoni siku hiyo hiyo. Yeyote aliyefika 180/120 huku akiumwa kifua, akishindwa kupumua, kuona vizuri au kuzungumza, apelekwe hospitali mara moja. Asiye na dalili hizo atulie dakika tano, apime tena, na namba ikibaki pale pale amwone tabibu siku hiyo.