Dawa za kutuliza maumivu na saratani ya mji wa mimba: namna ya kuzitumia

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni ni za ukoo mmoja: hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Parasetamoli haihesabiwi humo. Prostaglandini hizohizo huchochea utengenezaji wa homoni ya kike iitwayo estrojeni kwenye mafuta ya mwili, na estrojeni isiyosawazishwa na homoni nyingine, projesteroni, hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ambamo saratani hii huanzia. Hapo ndipo lilipotoka wazo kwamba dawa hizi huenda zikakinga.

Matokeo ya utafiti hayaelekei upande mmoja. Kwa wanawake wenye uzito mkubwa wanaotumia aspirini mara kwa mara, baadhi ya tafiti za ufuatiliaji zimeona hatari ikipungua kidogo. Nyingine hazikuona kitu. Nchini Marekani, wanawake karibu 40,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa aspirini ya miligramu 100, siku moja wanameza, siku moja wanaruka, kwa takriban miaka 10. Saratani kwa jumla haikupungua. Kwa hiyo usimeze dawa hizi kila siku kwa nia ya kujikinga. Kutoka damu tumboni ni madhara yanayojulikana vizuri kuliko faida hiyo.

Ukizihitaji kwa maumivu, ibuprofeni ya kujinunulia ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi 1,200 kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku chache tu. Usichanganye mbili za ukoo huu: nafuu haiongezeki, ila madhara kwa tumbo na figo huongezeka. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, anayetumia dawa za presha au za kuyeyusha damu, na mjamzito, aulize kwanza. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni damu inayofichwa. Dawa hizi, ukiacha aspirini, hupunguza wingi wa hedhi, hivyo mwanamke mwenye damu nyingi au isiyo na mpangilio anaweza kuona nafuu na kuahirisha vipimo huku chanzo kikiendelea. Andika tarehe za kutokwa damu, idadi ya pedi kwa siku, na dawa uliyomeza na kiasi chake. Daktari asipojua kuhusu vidonge, daftari lako litamwonyesha damu kidogo kuliko ilivyo.

Ukishapitisha miezi 12 bila hedhi, damu yoyote, hata doa moja au ute wa pinki, ni ya kupimwa. Usisubiri maumivu, kwani mara nyingi damu hutangulia. Kipimo cha mlango wa kizazi kikiwa safi hakitoshi, maana hakikuundwa kutafuta saratani hii. Omba ultrasaundi ya kupitia ukeni: ukuta ukizidi milimita 4, huchukuliwa kinyama kidogo kwa ajili ya maabara. Ukiwa mwembamba lakini damu ikirudi, omba kinyama kichukuliwe vilevile. Mwambie daktari kama una kisukari au uzito mkubwa, kama unatumia tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti), au kama kwenu kuna waliougua saratani ya mji wa mimba au ya utumbo mpana.