Tailizi za kubandika kwa gereji ya nyumbani: angalia matairi na unyevu kwanza, rangi itajipanga

Ukiingia hadwea kubwa Nakuru ama Kisumu siku hizi hukosi tailizi za vinaili za kubandika, zile zina gundi tayari kwa mgongo, unatoa karatasi unabandika unakanyaga kazi imeisha, hakuna kuchanganya simiti wala kungoja ikauke. Kwa bedruumu nazipenda sana, na jikoni pia. Lakini gereji ni mahali pagumu kwa vinaili na muuzaji mara nyingi hatakwambia, manake wateja wake wengi wananunua za sebule na hajawahi kuulizwa habari ya gari.

Kwa hivyo jiulize hivi kabla hata hujaangalia bei: gari inalala hapo ndani kweli? Kuna nyumba nyingi, ukienda Section 58 ama Milimani ama huko Riat, gereji ilishageuka kitambo, ni stoo, ni mahali pa kufulia, ni jim, mama ameweka cherehani yake hapo, na gari inalala nje. Kama yako ni hiyo basi kazi ni rahisi, tailizi yoyote nzuri ya sakafu itakaa, ruka hadi pale naongea juu ya unyevu. Kama gari inaingia kila jioni, hapa chini usiruke kitu.

Shida kubwa ni tairi. Mpira wa tairi huwekwa dawa ya kuuzuia kupasuka-pasuka ukipigwa na hewa, moja inaitwa 6PPD, na hiyo dawa haikai mahali pamoja, inatembea pole pole kutoka ndani ya mpira hadi nje. Ikipata vinaili inaingia ndani yake. Baada ya muda unaanza kuona alama za rangi ya kahawia ama manjano pale matairi husimama, unasugua na sabuni ya unga, unaweka jiki, unaweka tina, haitoki, na haiwezi kutoka kwa sababu si uchafu umekaa juu, rangi ya vinaili yenyewe ndio imebadilika. Nyeupe na krimu ndizo zinaonyesha vibaya zaidi. Na hii ndio sehemu watu wengi hawajui kabisa, hata mkeka wa mpira ama kapeti yenye mpira chini inafanya hivyo hivyo, kwa hivyo ukisema utaweka mkeka wa mpira chini ya tairi ndio ulinde tailizi unaongeza shida ile ile. Weka kipande cha plaiwudi, ama kapeti ya nyuzi za plastiki isiyo na mpira chini.

Halafu kuna joto. Gari ikitoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, na hapo katikati kuna milima na breki, matairi yanafika nyumbani yakiwa moto. Ukiegesha moja kwa moja juu ya tailizi ya kubandika ile joto inalainisha vinaili na inalainisha gundi pamoja, asubuhi ukitoa gari tairi inaweza kuondoka na kona ya tailizi. Kisumu ni mbaya zaidi kwa hili manake jua la mchana lenyewe linafika nyuzi 29 ama 30 hivi, na kama gereji ni ya mabati bila dari ndani kunakuwa moto kuliko nje. Na kitu kingine, kukata stelingi gari ikiwa imesimama, huo mzunguko wa tairi mahali pamoja unavuta tailizi kando hadi viungo vinafunguka. Gari ikiwa inatembea hata pole pole ndio unakata.

Basi kama gari inalala ndani maoni yangu ni haya, na nayasema nikijua kuna wenye hawatayapenda: usibandike pale matairi yanapita. Acha njia mbili za simiti tupu, ama ziweke vigae vya kawaida vya porseleni vilivyobandikwa na simiti, kila moja upana wa sentimita 50 ama 60 hivi, pima na gari yako yenyewe usikisie, halafu vinaili iende katikati, pembeni na upande wa kabati za vifaa. Inapendeza macho, inapunguza gharama, na unasahau kabisa habari ya madoa. Mwenye anataka sakafu yote ifunikwe na bado aegeshe gari juu, huyo aangalie zile tailizi nene za PVC za kushikana kwa meno, milimita 5 hadi 7, hazina gundi kwa hivyo hakuna kitu cha kung'oka, japo hata hizo madoa ya tairi zinapata, chukua nyeusi ama kijivu cha giza. Rangi ya epoksi pia ni njia nyingine lakini hiyo ni stori yake.

Sasa unene. Kwa boksi kuna vipimo viwili na wauzaji wanavichanganya. Kuna unene wote wa tailizi, huo unaandikwa kwa milimita, na kuna unene wa lile tabaka la juu lisilo na rangi, lile linalokanyagwa, mara nyingi linaandikwa kwa mil. Mil si milimita. Mil moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa hivyo mil 20 ni nusu milimita tu. Mtu akikwambia "hii ni mili ishirini boss" muulize ni ishirini ya nini. Kwa gereji tafuta tabaka la juu la mil 20, yaani milimita 0.5, na unene wote usipungue milimita 2. Mil 12 ni sawa kwa chumba cha kulala, kwa mahali unavuta jeki na sanduku la spana itakwaruzwa mapema. Boksi ikiwa haijaandika tabaka la juu popote chukulia ni jembamba. Na soma pia pale wameandika matumizi, kampuni nyingi husema wazi kwamba ni za vyumba vya ndani na si za gereji, ukibandika huko garanti imeenda.

Chunga pia zile stika zinazong'aa kama marumaru, nyembamba unaweza kuzikunja mkononi, na zile za sponji zenye matofali ya kuchora. Hizo za sponji ni za ukuta. Niliona zikiuzwa rafu moja na za sakafu na hakuna mtu anaeleza mteja. Zile za kung'aa nazo gari ikiingia na maji ya mvua zinateleza vibaya sana, mtoto anakimbia hapo anaanguka. Chukua yenye uso mkwaruzo, na kama kuna alama ya R imeandikwa, hicho ni kipimo cha kuzuia kuteleza, tafuta R10 kwenda juu.

Unyevu sasa, na hapa hata wale wa gereji isiyo na gari msikilize. Gereji nyingi zilijengwa bila karatasi ya nailoni chini ya slabu, manake fundi alisema "hii ni gereji tu". Maji ya ardhini yanapanda pole pole kupitia simiti, na wakati sakafu iko wazi huyaoni kwa sababu yanakauka yakifika juu. Ukifunika na vinaili hayana pa kutokea, yanakaa chini ya tailizi, yanabeba chumvi, gundi inalegea na kona zinaanza kuinuka moja moja. Huko Kakamega kwa mvua ile, Kisumu upande wa Nyalenda karibu na ziwa, Nyamasaria, Ahero, hii si kitu ya kubahatisha.

Kupima ni bei ya kipande cha nailoni. Kata nailoni nene sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa sakafu na teipu pande zote nne hewa isipite, acha mchana na usiku mzima, halafu fungua. Ukiona matone chini ya nailoni ama simiti imebadilika ikawa nyeusi, usibandike. Fanya sehemu kama tatu, moja karibu na mlango, moja kona ya nyuma, moja pale ukuta unapakana na shamba ama tanki. Na usipime Januari peke yake wakati ardhi imekauka ukafurahi, pima Aprili ama Mei mvua ndefu ikiwa imeshika. Kama ni slabu mpya pia subiri, zile siku 28 za simiti ni za kupata nguvu, kukauka hadi ndani kunachukua miezi.

Nyufa. Kama unakaa kwa udongo mweusi wa pamba, kama ule wa tambarare za Kano huko Kisumu, unajua vile unavimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, slabu inacheza nao. Ufa ukiuona chora mistari miwili ya penseli pande zote za ufa, pima katikati yake, andika tarehe hapo hapo kwa sakafu, rudi baada ya mvua upime tena. Kama haujasonga ujaze na ubandike. Kama umesonga tailizi itafuata, itainuka ama itapasuka juu ya ufa, afadhali hizo pesa zimlipe fundi wa kuangalia msingi kwanza.

Uso wa sakafu nao. Ikiwa ilipigwa niru na bado ni ngumu una bahati. Ikiwa ilipakwa ile polishi nyekundu ya sakafu miaka mingi, hiyo nta lazima itoke yote, gundi haishiki nta hata siku moja. Tupa matone ya maji chini, yakikaa kama shanga bila kuzama kuna mafuta ama nta, yakizama uko sawa. Halafu chukua teipu ngumu, bandika kwa nguvu, vuta, ikitoka na unga mweupe simiti inatoa vumbi na utahitaji praima ya sakafu kabla ya tailizi. Nakuru vumbi ni adui wa kweli kwa hii kazi, lile la volkano ni laini linaingia hata mlango ukiwa umefungwa, kwa hivyo fagia, piga vakyumu kama unayo, pangusa na kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke kabisa, na ubandike siku hiyo hiyo, si kesho. Mabonde zaidi ya kama milimita 5 kwa urefu wa mita 3 yajazwe, tailizi ya milimita 2 haifichi kitu.

Rangi fupi tu. Huko Kakamega na Kisii kwa udongo mwekundu usichukue nyeupe. Nakuru nyeusi tii inaonyesha kila vumbi, kijivu cha kati kinakaa vizuri. Pale mlangoni jua linapopiga rangi itafifia na nyeusi itashika moto sana, hiyo sehemu weka kijivu hafifu kama hakuna tairi inasimama.

Kuhesabu: linganisha bei kwa mita mraba, si kwa boksi, manake boksi hazilingani. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni mita mraba 18, tailizi ya sentimita 30 kwa 30 inahitaji vipande 200, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuharibika, 220. Hakikisha boksi zote zina namba moja ya bechi, bechi tofauti rangi inatofautiana kidogo na kwa sakafu itaonekana. Usibebe kwa boda zikiwa zimekunjwa juani. Zilaze chini flati ndani ya gereji yenyewe siku mbili kabla ya kubandika.

Lakini kabla ununue zote 220, nunua mbili. Safisha mahali tairi inasimama, bandika, zikandamize na rola ama chupa ngumu kwa uzito wako wote, halafu ishi nazo wiki mbili, egesha, mwaga oili kidogo upanguse, weka stendi ya pembeni ya pikipiki juu uone kama inazama. Petroli, tina na oili ya breki zinalainisha vinaili, hizo usijaribu, jua tu ukimwaga upanguse haraka. Na kona ya kuchomelea iache simiti tupu, cheche za weldi zinatoboa tailizi papo hapo.

Wakati wa kubandika anzia katikati na mstari wa uzi, si kwa ukuta, kuta zetu ni nadra ziwe na kona sawa, na uangalie mishale kwa mgongo ielekee upande mmoja. Mlangoni funga ukingo na bapa la alumini la skurubu, hapo ndipo maji na fagio huanza kuinua. Vipande vinavyobaki vihifadhi vikiwa vimelala. Siku moja ikiharibika unaipasha na draya ya nywele, unaiinua na kisu cha puti, unakwangua gundi ya zamani yote, unabandika nyingine mahali pake.