Somo: Kukata kona kwa skii kwa anayeanza

Anayejifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu (nazo huitwa skii) zinazofungwa miguuni, hutaka kwanza kujua namna ya kusimama, nayo kona ndiyo breki yenyewe: ukiikamilisha hadi skii zikaukingama mteremko, mwendo hupungua bila wewe kutumia nguvu. Chagua mteremko mpana usio mkali, ambao Ufaransa hutiwa alama ya kijani, na Austria ya buluu.

Kwanza, tanua visigino na ukaribishe ncha za mbele bila kuzigusanisha, ili skii zifanye herufi V iliyopinduliwa. Kunja magoti na vifundo vya miguu hadi uhisi miundi ikiegemea mbele ya buti. Usipouhisi mgandamizo huo, umekaa nyuma mno, na hatua zinazofuata hazitafanikiwa.

Pili, tazama unakokwenda, wala usizitazame skii.

Tatu, ukitaka kwenda kushoto, hamishia uzito taratibu kwenye mguu wa kulia. Skii ya nje ikishaelemewa, ukingo wake wa chuma huuma theluji na kukuzungusha; kwa hiyo usipindishe mabega. Katikati ya kona skii zitaelekea bondeni na kasi itaongezeka kidogo, na hapo ndipo wengi hujivuta nyuma kwa woga, skii ya nje ikapoteza uzito na kona ikafa. Vumilia, mikono ikiwa mbele, na uendelee kuikanyaga skii hiyo mpaka izunguke yote.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kona ya kushoto naiweza, ya kulia inanishinda. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, karibu kila mtu ana upande mmoja mzito. Kata kona ya kulia peke yake mara nyingi, kisha ukiwa katikati yake jaribu kuinua kidogo kisigino cha mguu wa kulia. Kikiinuka kwa urahisi, uzito uko kushoto panapostahili. Kikigoma, bado umeegemea ndani.

Swali: Naishi Dubai. Je, naweza kujifunzia ndani ya jengo?

Jibu: Naam, dada. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina theluji halisi, na mteremko wake mrefu zaidi una mita 400. Anza kwenye ule wa wanaoanza, na ukumbuke kwamba aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake.